Nyumba Ijipatiayo Moto na Taa

Nendeni leo katika nyumba yo yote ya kata ya Mbwawa, huku Kibaha, karibu na mpaka wa Kisarawe, mkaulize jambo moja tu: moto wa chakula cha jioni umetoka wapi? Nyumba moja watawaambia kuni zimeokotwa porini. Nyumba ya pili watawaonyesha mfuko wa mkaa ulionunuliwa njiani. Ya tatu ina mtungi wa gesi, lakini mtungi umekwisha, nao wanangojea fedha za kuujaza. Katika nyumba hizo zote moto watoka nje, na siku usipofika, wenyewe hulala na njaa hali unga umo ndani.

Katika somo hili twataka kuona kama nyumba ya watu saba au wanane, yenye shamba la mihogo, minazi michache na mikorosho, yaweza kujipatia moto wake na taa yake yenyewe. Kwa sehemu kubwa yaweza. Lakini yapasa kwanza kufahamu moto ni kitu gani na hupotelea wapi, kwa maana watu wengi hukimbilia kutafuta moto mpya kabla ya kuuchunga ule walio nao.

Tuanze na mkaa, kwa kuwa ndio biashara ya nchi yetu hii. Mji wa Dar es Salaam, ambao kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5, umekuwa ukipikia mkaa kwa miaka mingi, na mwingi umetoka Pwani. Misitu ya Ruvu Kusini, Pugu na Kazimzumbwi, ingawa imewekwa chini ya ulinzi wa sheria, imekatwa sana kwa ajili hiyo. Mchoma mkaa hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, kisha huitia moto ukaungua polepole pasipo hewa ya kutosha. Katika tanuri la namna hiyo hutumika kilo 5 mpaka 10 za kuni kavu kupata kilo 1 tu ya mkaa. Sasa fanyeni hesabu. Tuseme kilo 1 ya kuni kavu ina mafungu 16 ya joto, nayo kilo 1 ya mkaa ina mafungu 30. Mtu akitumia kilo 8 za kuni, ameweka tanurini mafungu 128, naye ametoa mafungu 30. Zaidi ya robo tatu ya joto la mti ule limekwenda na moshi kabla chungu hakijateleshwa. Ni kweli kwamba jiko la mkaa hulitunza joto kuliko mafiga, kwa hiyo hasara hupungua kidogo jikoni. Walakini mwenye kuni zake shambani akizichoma mkaa ili apikie mwenyewe, ajue anatupa sehemu kubwa ya mali yake.

Pili, tuyatazame maji, maana katika kupika maji ndiyo yalayo moto. Kuchukua lita 1 ya maji ya kisima na kuyafikisha kwenye kuchemka huhitaji joto la kiasi fulani. Lakini kuyageuza maji yale yale yaliyochemka yawe mvuke, mpaka sufuria ikauke, huhitaji joto kama mara saba ya lile la kwanza. Shikeni sana neno hili, kwa kuwa mambo mengi ya jikoni yametoka hapo. Maharage yanayotokota kwa nguvu pasipo kifuniko hayaivi upesi kuliko yale yanayotokota taratibu; maji yachemkayo hayazidi joto lake hata ukisukuma kuni zote za mtaa. Moto unaoongezwa hutoka tu na mvuke kupitia paani. Kifuniko cha sufuria na kupunguza kuni mara maji yachemkapo havigharimu hata senti moja.

Ndiyo maana kuni mbichi ni adui wa mpishi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mzigo wa kilo 10 una kilo 5 za maji, na kuyafukuza maji hayo kwa moto ni kutumia joto ambalo lingechemsha zaidi ya lita 35 za maji ya chai. Tena si hilo tu. Kuni mbichi huupoza moto, na moto uliopoa hauunguzi sawasawa, basi hutoa moshi mwingi. Moshi ule mzito ni nini? Kwa sehemu kubwa ni kuni isiyoungua, inayotoka mlangoni bila kufanya kazi. Ikipita, hupita machoni na vifuani mwa mama na watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 watu kama milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, na miongoni mwao watoto wengi walio chini ya miaka mitano. Kwa hiyo kuni zipasuliwe zingali mbichi, maana ndipo zipasukapo kwa urahisi, zipangwe juu ya magogo mawili ili zisiguse ardhi, na juu yake liwekwe paa la makuti. Baada ya kiangazi kimoja zitakuwa tayari. Nyumba yenye kuni za mwaka ujao uani imekwisha pata nusu ya ushindi, na mtoto wake hatatumwa porini asubuhi ya siku ya mtihani.

Sasa jiko lenyewe. Mafiga matatu yana sifa zake: hayanunuliwi, hukubali chungu cha kila kimo, na wazee huyapenda. Lakini upepo hupita katikati, na katika joto lote la kuni ni sehemu ndogo sana ifikayo chunguni. Iliyobaki huwapasha joto kuku. Dawa yake ni ukuta. Chukueni udongo wa kichuguu, mwuponde, mwuchanganye na majani makavu yaliyokatwakatwa na maji kidogo, mkaukande kama unga wa maandazi. Jengeni ukuta kuyazunguka mafiga, mkiacha mlango mmoja mdogo wa kuni. Kati ya ukuta na chungu iachwe nafasi ya upana wa kidole tu, ili moto upande ukiambaa chungu pande zote kabla ya kutoka. Mlangoni wekeni vipande viwili vya tofali au chuma cha kulalia kuni, hewa ipate kupita chini yake. Jiko hilo likae majuma mawili likauke kivulini. Likiwashwa mapema hupasuka. Jirani zetu wa Kenya walipata sifa katika miaka ya 1980 kwa jiko la mkaa la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, na majiko ya namna hiyo sasa yanauzwa katika masoko yetu. Ni zuri kwa mwenye kununua mkaa. Ila lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa ili kuwapasha watu joto usiku, kwa kuwa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu usingizini.

Nataka kukaa kidogo juu ya kitu ambacho kwa maoni yangu kinastahili kuwa katika kila nyumba ya Pwani, na ambacho ni wachache walio nacho: kapu la kuivishia. Maharage yakisha kuchemka hayahitaji moto tena. Yahitaji joto tu, yaani yahitaji kutopoa. Watu wa Ulaya walilijua jambo hili, wakawa wakifunika vyungu vyao vya moto ndani ya masanduku yaliyojaa majani makavu, hasa wakati wa vita vikuu, makaa yalipokuwa haba. Sisi tuna kitu kilicho bora kuliko majani makavu, nacho ni sufi. Msufi unaangusha matunda yake uani na watoto wanayachezea, hali sufi ile nyepesi imeshika hewa nyingi iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Ndiyo sababu mto wa sufi huwa na joto kichwani.

Twaeni kapu kubwa la ukindu. Shoneni mfuko wa kitambaa ulio mpana, mwujaze sufi, mwuzungushe ndani ya kapu, chini na kando, unene wake usipungue upana wa kiganja. Katikati liachwe tundu la kuitosha sufuria barabara. Shoneni na mto wa kufunika juu. Kama msufi haupo, nyuzi za makumbi ya nazi zilizopondwa na kukaushwa zafaa, au matambara ya zamani.

Maharage yalowekwe usiku kucha, na asubuhi maji yale yamwagwe. Yatiwe maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 20 na kifuniko chake. Hapa pasiwe na uvivu, kwa sababu maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ambayo huharibiwa na kuchemka barabara, wala haiharibiwi na joto dogo. Kisha sufuria ifutwe chini, isije ikachukua kaa la moto likaunguza sufi na nyumba, iingizwe kapuni upesi, ifunikwe, wala isifunuliwe. Baada ya saa tatu au nne yatakuwa yameiva au yamekaribia sana. Yarudishwe motoni kidogo yachemke tena, yaungwe kwa nazi, yaliwe. Mchele ukichemka dakika tano waweza kumalizia kapuni kwa muda wa saa moja. Mpishi amekwenda shamba, moto umezimwa, na chakula kinaiva peke yake. Wengine watalicheka kapu hilo siku ya kwanza. Waacheni wacheke, mhesabu vipande vya kuni vilivyobaki.

Baada ya kuupunguza moto unaotakiwa, ndipo tuulize utoke wapi. Mwenye minazi ana kuni zinazomwangukia mwaka mzima: vifuu, ambavyo huwaka kwa moto mkali usio na moshi mwingi, makumbi, yawakayo polepole, makarara na mashina ya makuti, ambayo ni mazuri kwa kuwashia. Mashina ya mihogo yaliyokauka hufaa kuchemshia uji, baada ya kutenga yale ya mbegu. Mikorosho na miembe hupogolewa, na matawi yake ni kuni njema. Lakini nawaonya juu ya maganda ya korosho. Yana mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake huchoma macho na koo. Yanafaa kwa matanuri ya viwanda yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, siyo kwa jiko la mama.

Tena tupande. Mti unaofaa sana huku kwetu ni mjohoro. Asili yake ni nchi za kusini na kusini-mashariki mwa Asia, lakini umezoea pwani yetu, hustahimili kiangazi, na ukikatwa huchipuka tena kutoka kisikini. Mbegu zake zina ganda gumu, basi zitiwe katika maji ya moto na kuachwa humo usiku mmoja, zipandwe katika viriba, na miche ihamishiwe shambani mvua za masika ziingiapo. Ikiwa mche na mche vimeachana hatua mbili, kiwanja cha hatua 20 kwa 20 huchukua miti 100. Mwaka wa tano kateni miti 20, mwaka wa sita 20 mingine, na kuendelea hivyo. Mkimaliza ile ya mwisho, visiki vya kwanza vitakuwa vimekwisha kuwa miti tena. Kateni kwa msumeno au shoka kali, mkate wa mshazari, maji ya mvua yasikae juu ya kisiki. Miti 100 peke yake haitoshi mafiga matatu yenye upepo. Pamoja na vifuu, jiko lenye ukuta na kapu, ni msaada mkubwa. Mijohoro isipandwe katikati ya mihogo, kwani hunyang'anya maji, na mfuga nguruwe asiwape majani wala maganda yake, maana huwadhuru.

Sasa tuje kwenye moto wa ajabu, utokao zizini. Pwani yetu haikuwa nchi ya ng'ombe hapo zamani kwa sababu ya mbung'o, lakini siku hizi watu kadha wa kadha wa Kibaha hufuga ng'ombe wa maziwa bandani. Samadi ikichanganywa na maji na kufungiwa mahali pasipo hewa, vijidudu visivyoonekana kwa macho huila na kutoa gesi iwakayo, ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Fundi huchimba shimo, hulijengea kuba la matofali na saruji, hulipiga lipu lisivuje. Upande mmoja huingia samadi, upande wa pili hutoka tope lililokwisha fanya kazi, na juu ya kuba huanza bomba liendalo jikoni. Katika Tanzania ufundi huu umeenezwa hasa na kituo cha CAMARTEC cha Arusha tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ulianza mpango wa nchi nzima wa kujenga mitambo hiyo majumbani.

Ng'ombe mmoja anayelishwa bandani hutoa kama kilo 10 za samadi kwa siku. Ng'ombe wawili hutoa kilo 20, nazo zaweza kutoa lita 700 hivi za gesi. Jiko moja hula lita 350 hivi kwa saa, basi mna saa mbili za moto wa buluu usio na moshi. Kwa nyumba yenye kapu la sufi, saa mbili ni nyingi. Wala samadi haipotei, kwa sababu tope litokalo ni mbolea njema ya migomba na mboga. Lakini kila ndoo ya samadi hutaka ndoo ya maji, au mkojo wa ng'ombe badala yake. Nyumba inayochota maji mbali ifikiri sana kabla ya kujenga. Mitambo mingi iliyokufa haikuvunjika; wenyewe waliuza ng'ombe, au walichoka kubeba maji. Tena mkinusa harufu ya yai viza jikoni, fungueni madirisha, fungeni koki, wala msiwashe kiberiti.

Limebaki jua. Kwanza tusisahau kwamba tunalitumia tangu zamani: makopa ya muhogo, dagaa, nazi kavu na nguo zote hukaushwa nalo, na hakuna apelekewaye hati ya malipo. Kuligeuza jua kuwa umeme ni kazi ya paneli. Kila mita moja ya mraba ya paa huku Pwani hupokea kwa siku nguvu ya jua kama uniti 5 za umeme, ila paneli hugeuza sehemu ndogo tu ya hiyo. Paneli ndogo ya wati 50 yaweza kutoa wati-saa 200 kwa siku njema. Balbu tatu za kisasa za wati 5 kila moja, zikiwaka saa tano, hutumia wati-saa 75. Simu hutaka kama 15. Basi watoto wasome, simu ziitike, na akiba ibaki katika betri kwa siku ya mawingu. Wala koroboi haihitajiki tena, na moshi wake na hatari yake ya kuunguza nyumba vimekwisha.

Mtu atauliza: ikiwa paneli yatosha taa zote, kwa nini tusipikie? Hesabu yatujibu. Kuchemsha lita 2 tu za maji ya kisima kwahitaji wati-saa 170, yaani karibu umeme wote wa siku nzima wa paneli ile, nayo ni chai tu, wali haujaingia. Nuru hutaka nguvu kidogo mno. Joto hutaka nguvu nyingi. Muuzaji akiwaambia kwamba paneli hiyo ndogo itaendesha jiko, mwombeni awapigie hesabu mbele yenu.

Kwa kupikia, nyumba iliyounganishwa na nguzo za TANESCO yaweza kutumia sufuria ya umeme ya kukandamiza mvuke, ambayo huivisha maharage kwa umeme usiofika uniti moja, kwani nayo ni kama kapu letu: imefunikwa na kuzuiwa isipoteze joto. Umeme sasa ni mwingi kuliko zamani, tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, yenye megawati 2,115, ilipoanza kazi mwaka 2024 na kukamilika mwaka 2025. Na mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania katika kupikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hata hivyo nguzo huanguka na luku huisha, basi kuni kavu chini ya paa la makuti si jambo la aibu.

Kuhusu mahali pa kuweka paneli, watu hukosea mara nyingi. Sisi tu kusini ya ikweta, karibu nyuzi 7. Tangu mwanzo wa Machi mpaka karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita kusini, lakini si mbali. Basi paneli ielekee kaskazini, ikiinama kidogo tu, kiasi cha kutosha maji ya mvua yateleze yakiosha vumbi. Isiwekwe chini ya mwembe. Na wakati wa kiangazi, mvua zisiponyesha, apande mtu asubuhi mapema paneli ingali baridi, aifute kwa kitambaa laini chenye maji, akianzia juu kwenda chini, kwa kuwa vumbi la barabara ya Mbwawa hukaa juu yake kama unga.